Miezi Miwili ya Sultani Hatibu

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Asubuhi umemwamini muuza samaki aliyekuapia kuwa ni wa leo, basi na hili halitakukaba.

Hapo zamani, katika mji wa Kirindoni, alitawala Sultani Hatibu, ambaye sarafu zake zilichorwa mwezi mmoja, alama ya kwamba mtawala ni mmoja. Ikawa sarafu zikaanza kutoka na miezi miwili, mmoja umemlalia mwenziwe, na sokoni watu wakaulizana huyo Sultani wa pili anakaa wapi.

Sultani akaghadhibika, akamwita Makame, fundi wa kugonga sarafu. Waziri akasema, "Bwana wangu, huyu alipoutengeneza muhuri wa chuma wa kugongea sarafu aliukandamiza mchoro wa mwezi mara mbili, na mara ya pili hakuuweka sawa. Ndiyo maana mwezi ni pacha."

Makame akasema, "Seyyid, kosa hilo lipo duniani, lakini muhuri wa namna hiyo huzaa pacha tangu sarafu ya kwanza. Huu umechakaa kwa kugongwa. Mwezi ulikuwa mmoja, ukavimba kando, sasa una kivuli. Kila mwaka naomba chuma kipya cha muhuri."

"Ukajibiwa nini?" akauliza Sultani.

"Nikajibiwa chuma si embe, hakiozi."

Wote barazani waliijua sauti iliyojibu hivyo, na wote walizipenda shingo zao.

Basi Sultani akaamuru, "Mwenye kosa na aletwe mbele ya kiti changu, miguu mitupu, kabla ya sala ya Ijumaa. Atakayemleta atapata atakachoomba. Asipoletwa mtu, Makame atakatwa mkono wa kulia."

Siku zikapita, Makame akikaa chini ya ulinzi pale barazani, hakuletwa mtu. Alhamisi akaja Bi Nyamvula, mama mkwe wa Makame, fukara ambaye mji mzima ulimwita mjinga, kwa kuwa jirani alipata kumwomba amwangalizie mlango, naye akakaa akiutazama mchana kutwa huku mwizi akipita dirishani.

"Nimekuja kumleta mkosaji," akasema.

"Yuko wapi?"

"Hayuko mbali. Ila mimi mjinga, seyyid, sharti kwanza niione sarafu ya kwanza ya muhuri huu. Ikiwa na miezi miwili, basi mkwe wangu aliharibu tangu mwanzo, mkateni, nami nitamlisha kwa kijiko."

Waziri akatabasamu. "Haki hiyo, bwana wangu. Na itazamwe."

Sasa, desturi ya Kirindoni ilikuwa hivi: sarafu ya kwanza Sultani huishona kwa mkono wake ndani ya mto wa kiti cha enzi, na hapana mwingine wa kuugusa, wala yeye haufumui akiwa na viatu miguuni. Basi Sultani akavua makubadhi, akashuka, akageuka, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akafumua mshono kwa ncha ya jambia. Sarafu ikatoka. Mwezi ulikuwa mwembamba, mkali kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Ni mmoja," akasema.

"Basi muhuri ulizaliwa salama, ukazeeshwa," akasema Bi Nyamvula. "Nani aliunyima chuma?"

Waziri akaitazama dari, ikawa kama hajapata kuiona.

"Mimi," akasema Sultani.

"Amri imetimia. Mkosaji yuko mbele ya kiti, miguu mitupu, na Ijumaa bado. Kamba sikuleta, maana kamba hukuitaja."

Sultani akavitazama vidole vyake vya miguu. Kisha akacheka, kidogo kwanza, halafu kwa sauti, na baraza zima likapata ruhusa. Waziri alicheka kuliko wote, akachelewa kunyamaza.

"Makame na aende na mkono wake," akasema Sultani. "Nawe, mama, omba."

"Naomba hayo makubadhi."

"Yatakutosha?"

"Hayatanitosha, wala sitayavaa. Nitakaa nayo mpaka chuma kipya kifike."

Kicheko cha Sultani kikakatika. "Na kesho nitakwendaje msikitini?"

"Kwa miguu, baba, kama sisi."

Akayatia makubadhi kwapani, akamshika Makame mkono, ule ule wa kulia, akatoka naye, akaufunga mlango.