Pweza Aliyepigwa Ugenini

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za majini kuoa watu, ni zamani za simu hizi hizi mlizozishika, alikuwapo mwanamke wa Wete, Pemba, jina lake Bi Mize. Mwanawe Makame aliishi Uingereza, katika mji wa bandari wenye mvua isiyojua adabu, pamoja na mkewe Zuwena na binti yao Ilham, wa miaka kumi na mitano. Bi Mize akaenda kuwatembelea miezi mitatu. Miezi mitatu akala kuku wasio na mifupa na samaki wa mstatili. Akavumilia. Mgeni hachagui chungu.

Wiki ya mwisho Zuwena akapika pweza. Bi Mize akatafuna. Akatafuna tena. Adhuhuri ikaadhiniwa kwenye simu, pweza bado yumo mdomoni.

"Mkwe wangu, huyu ulimpiga?"

"Mama, huku hatupigi pweza. Tunamtoa kwenye friji."

"Basi huyu si pweza. Hii ni ndara."

Mwanamke mtukane nguo, usimtukane chungu. Zuwena akasema, "Jumamosi twende sokoni, mama. Uchague mwenyewe, na umpige mwenyewe."

Jumamosi wakaenda wote wanne. Soko la samaki, safi kuliko hospitali. Samaki wamelazwa juu ya barafu, macho yanang'aa, bei imebandikwa, hakuna hata wa kubishana naye. Bi Mize akanusa. Hapanuki kitu. "Maskini," akawaza, "hawa wamekufa mpaka wameisahau bahari." Akachagua pweza wa kilo tatu, akamhesabu mikono yote minane asije akadhulumiwa. Makame akalipa. Kazini kwake Makame huitwa Mac, naye huitika.

"Mkwe, nimpige wapi sasa?"

"Popote utakapoona jiwe, mama," Zuwena akajibu, hata hakugeuka.

Mlangoni, kwa ndani, palikuwa na ngazi za jiwe. Bi Mize akafunga kanga kiunoni juu ya koti, akamkamata pweza, akamshusha. Pwa! Akamwinua, akamshusha. Pwa! Alikusudia arubaini, kama alivyofundishwa na mamake miambani wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali. Pweza akipigwa thelathini na tisa, mpishi ndiye atakayepigwa moja. Watu wakasimama. Ute ukaruka, ukatua kwenye viatu vyeupe vya bibi mmoja wa Kizungu. Ilham akatoa simu, akarekodi.

Mlinzi akaja mbio. "Huyu mama ni wa nani?"

Na kwenye meza ya chaza, hatua tano tu, alisimama bosi wake Makame na mkewe. Makame akamtazama mlinzi, akamtazama bosi. "Simjui," akasema.

Mlinzi akamgeukia Zuwena. Zuwena akawainamia kamba kana kwamba anawahesabu sharubu.

Mlinzi akamgeukia Ilham. "Subiri," Ilham akasema, simu juu. Pwa ya arubaini ilipolia, akaitia simu mfukoni, akaenda akamshika Bi Mize mkono. "Ni bibi yangu."

Mlinzi akawatoa nje wawili hao, wakasimama kwenye mvua na pweza wao. Bi Mize hakujua Kiingereza. Alidhani mwanawe ameomba samahani kwa niaba yake, akamwombea dua.

Nyumbani akampika pweza kwa tui. Akalainika, ukimtazama kwa jicho kali anakatika. Wamekaa mkekani, sahani katikati, simu ikalia. Ni Bi Time, dadake, kutoka Wete.

"Mize! Tumekuona wote, mkono ungalipo! Lakini huyo Makame kasema nini pale? Mwalimu wa jirani katufasiria, tukamwambia Kiingereza chake kibovu."

Kumbe Ilham aliwatumia binamu zake, binamu wakawatumia wajomba, na wajomba wa Wete hawana pa kuhifadhi siri.

"Ilham," Bi Mize akasema, "babako alisema nini?"

Ilham akamtazama babake. "Alisema hakujui, Bibi."

Bi Mize akafuta vidole. "Jumatatu napanda ndege. Kwa umri wangu, sijui kama mtaniona tena. Radhi zangu nataka kuziacha hapa. Lakini atangulie kuinama yule aliyenikosea zaidi. Akitangulia mwingine, naondoka nazo."

Makame akasema, "Mama, mimi nilikukana kwa ulimi, moyo haukuwemo. Kazi ile ndiyo iliyokukatia tiketi. Angenicheka bosi, ningeishi vipi? Aliyekutuma kwenye jiwe ni Zuwena."

Zuwena akasema, "Nilisema jiwe, sikusema mlangoni pa watu. Na nilinyamaza, kunyamaza si kukana. Mwenye mama ni wewe. Tena ugomvi wetu wa sokoni ungeishia sokoni. Aliyeupeleka Wete ni binti yako."

"Leo ni binti yangu peke yangu?"

Ilham akasema, "Mimi ndiye pekee niliyesema ni bibi yangu."

"Baada ya dakika nzima!" Makame akadakia.

"Bibi alikuwa hajamaliza! Na nilituma kwa kuwa najivunia. Mimi sikutia neno mle. Neno ni la Baba."

"Si ungekata sauti!"

"Baba, ungeikata wewe kwanza."

Bi Mize naye alikuwa na lake. Kejeli ya mkwewe aliisikia tangu mwanzo. Kejeli haihitaji mkalimani. Alikwenda kwenye lile jiwe akijua, na pwa nyingine kati ya zile arubaini hazikuwa za pweza. Lakini mama kumwomba mwana radhi, hilo hakulelewa nalo, na hakuwa na nia ya kujifunza Uingereza.

Wote watatu wakatazama mkeka. Kila mmoja magoti tayari, kila mmoja anamngoja mwenziwe, maana akikosea zamu wameikosa radhi wote.

Haya, wasikilizaji wangu, ninyi mliokuwa mkicheka. Yuko aliyemkana mamake mzazi. Yuko aliyemchokoza mzee, kisha akawaangukia kamba. Yuko aliyemwacha bibi yake apate aibu mpaka picha itimie, kisha akaitangaza. Msinijibu "wote", hilo ni jibu la mwoga, na goti la kwanza ni moja tu. Je, lilistahili kuwa la nani?