Sikukuu ya Kuvunja Ua

Hapo zamani za kale, wanangu, kiangazi kilipokaza hata vyura wakanyamaza, bwawa lenye maji lilibaki moja tu, nalo limezungushiwa ua wa miba. Mwenye ua? Mzee Kiboko!

Kiboko yuleyule! Ujanani aliubomoa ua wa Faru kwa kichwa chake, akipaza sauti, "Maji ni ya wote!" Kisha akaingia bwawani, akanenepa, akajenga ua wake. Na kila mwaka, bila haya, aliwaita wanyama washerehekee Sikukuu ya Kuvunja Ua. Wasimame nje, juani, wapige makofi!

Mwaka huo Nguchiro alikuja na kibuyu kitupu. Nyumbani mama yake alikuwa hoi kwa homa, midomo imepasuka, tangu jana hajapata hata tone.

"Shikamoo mzee," akasema kupitia miba. "Naomba maji kidogo tu. Mama ananifia."

"Marahaba. Kila kitu kina utaratibu, kijana." Kiboko akapuliza povu, pfuuu! "Kwanza stability. Nikimfungulia kila mtu, hapa patakuwa matope."

"Lakini si wewe uliyesema maji ni ya wote?"

"Nilikuwa mdogo, damu inachemka. My friend, ukipata bwawa lako, utaelewa."

Utaelewa! Nguchiro alihisi kifua kinawaka. Atalipata wapi hilo bwawa, na lililopo limekaliwa? Alitamani amrukie amng'ate sikio. Lakini jitu lile angelifanya nini? Akameza hasira, akacheka.

"Unacheka nini wewe?"

"Ah, si kitu, mzee. Ni hawa watoto wa siku hizi. Eti ua wa Faru hukuuvunja wewe. Eti ulikuwa umeoza, upepo ukauangusha, wewe ukapita tu."

"Upepo?" Maji yakaruka, chwaaa! "Nani kasema?"

"Wote. Swala ndiye anayesema una kitambi tangu utotoni."

Huko nje vicheko, kwi kwi kwi!

"Mimi? Faru mwenyewe alinikimbia! Nilirudi nyuma hivi..."

"Usijisumbue, mzee wangu. Na magoti hayo?"

"Magoti gani? Kaa pembeni uone, bwege we!"

Kiboko akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Macho yake yakawaka kama zamani. Gudu-gudu-gudu! "Maji ni ya woteee!" Kraaa! Ua wote chini.

"Hivyo ndivyo nilivyo..."

Hakumaliza. Swala, Punda Milia, Ngiri, wote walishampita, wengine wakimkanyaga mkia.

"Asante, mzee! Umesema mwenyewe!"

"Hei! Rudini! Utaratibu! Stability!"

Nani amsikilize? Nguchiro alishajaza kibuyu, anatimua mbio.

Alimkuta mama bado anahema. Akamnywesha taratibu, mpaka akafumbua macho.

"Umeyapata wapi, mwanangu?"

"Kwa Kiboko, mama."

"Yule mzee? Amekupa?"

"Si yule mzee. Yule kijana aliyekuwa zamani. Leo alitokea kidogo."

Nanyi wanangu, siku mkishiba msijenge ua, wala mtu asiwadanganye kwamba huko ndiko kukua.