Mashine Iliyofunzwa Baridi

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wakiisikia methali hii humfikiria mtoto wa kunyonya na kubebwa mgongoni, wala Marcellin wa Kashuga hakufikiri tofauti. Watoto wake wawili aliwalea vyema, akawasomesha, na kila Jumapili aliingia kanisani kifua mbele. Laiti angejua kwamba uzeeni angelea mtoto wa tatu, asiye na mdomo wala miguu, na kwamba huyo ndiye angemuumbua!

Marcellin alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo zamani. Alijenga nyumba juu ya kilima, na chini yake, penye maporomoko ya kijito, akafunga turbini ndogo ya umeme. Umeme huo uliwasha taa za nyumbani na kuendesha mashine yake ya kusaga mahindi. Vita vilipowamwaga watu wa vijiji vya jirani katika kambi za Kashuga, wote walileta mahindi kwake, na kinu hakikupumua kuanzia adhuhuri hadi jioni.

Mkewe Kasoki aliteswa na ugonjwa wa viungo. Baridi ya milima ya Masisi si mchezo, ukungu ukishuka hupenya hadi ndani ya mifupa. Kwa hiyo mwana wao Guylain, fundi wa umeme aliyefanya kazi Kampala, alipokuja kuwasalimu alimletea mama yake radiatere ya kupasha chumba moto, pamoja na kidude cheupe cha kubandika ukutani ambacho kazi yake ilikuwa kudhibiti joto.

"Papa, aka kamashine kako na akili," Guylain alieleza huku akikaza skrubu. "Mukiongeza joto asubuyi, kanaona. Mukipunguza, kanaona. Kisha siku kidogo kanajua mazoea ya nyumba, kanafanya kazi kenyewe. Hamutakagusa tena."

"Kenyewe? Bila muntu?"

"Kenyewe, Papa. Kako sawa mutoto. Munakafundisha tu."

Marcellin alicheka hadi akashika mbavu. Ukuta ujifunze! Hayo alisema ni maneno ya vijana waliokaa mno mijini.

Guylain aliporudi kazini, mambo yakajitokeza. Radiatere ilikula umeme kama nzige. Ilipowaka, kinu kilizubaa, kikakohoa, na wateja wakaanza kunung'unika kwenye foleni. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, Kasoki alipokwenda kuuza unga sokoni, Marcellin alinyemelea chumbani mwake mwenyewe mithili ya mwizi, akashusha joto, kisha akateremka kusaga mahindi kwa raha zake. Kasoki alirudi jioni akakuta chumba kimepoa kama pango.

"Papa Guylain, juu ya nini nyumba iko baridi ivi?"

"Mimi nitajua wapi? Iko mashine. Inajishusha yenyewe."

Kasoki alijipaka mafuta magotini na kunyamaza. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na mumewe aliuchukulia ukimya huo kuwa ni kukubali.

Siku moja Marcellin aliingia chumbani saa ile ile aliyoizoea. Alinyoosha mkono, lakini kabla hajagusa, tarakimu kwenye kile kidude zikaanza kushuka zenyewe! Nywele zilimsimama. Alitazama nyuma ya pazia, akachungulia hadi chini ya kitanda, asione mtu. Alisimama pale mdomo wazi, jasho likimtoka katika chumba kinachopoa, kama mtu aliyeona kiti kikitembea. Ndipo maneno ya Guylain yalipomrudia. Kumbe ukuta ulikuwa umemtazama muda wote! Kumbe ulikuwa ukimsoma!

Hofu ilipomtoka, furaha ilimjaa. Hakuhitaji tena kunyemelea. Tangu siku hiyo uongo wake uligeuka kweli, kwa maana mashine ilikuwa ikijishusha yenyewe, na dhamiri yake ikalala usingizi mnono.

Msiba hauna hodi. Milio ya bunduki ilipozidi upande wa Ngungu, binti yao Kétsia, aliyekuwa ameolewa huko, alifika mlangoni kwa baba yake akitetemeka kwa homa. Yeye na mumewe walipoteana njiani. Kifuani mwake alikuwa amefunga kitoto cha kike, kilichozaliwa safarini kabla ya miezi kutimia. Marcellin alikifunua kitenge alichofungiwa mtoto. Hakuwahi kuona mtu mdogo kiasi kile. Huyo ndiye mjukuu wake wa kwanza.

Muuguzi wa zahanati ya jirani, Mama Byukusenge, aliitwa mara moja. Alimpima mtoto, akatikisa kichwa.

"Uyu angefaa kwenda ku hospitali Mweso, lakini barabara imefungwa, banapigana. Hana mafuta mu mwili, hawezi kujipasha moto. Mama yake naye homa inamuchoma, njo maana mutoto alale mu kikapo karibu na radiatere mupaka homa ishuke. Chumba isipoe ata kidogo. Ikipoa, munamupoteza."

"Mutoto wangu hatapotea," alisema Marcellin kwa sauti nzito. Alikwenda ukutani, akapandisha joto kwa mkono wake hadi mwisho. Usiku kucha alikaa kando ya kikapu, akimwona mjukuu wake akipumua, naye akijiona mlinzi hodari.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Kasoki alitoka na Mama Byukusenge kwenda zahanati kuchukua dawa ya Kétsia. Marcellin aliachiwa mtoto. Haukupita muda, wanawake wa kambini wakampigia kelele kutoka chini kwamba watoto wao wanalala njaa. Aligusa radiatere, ilikuwa moto. Alimtazama Kétsia, amelala. Akasema moyoni, nashuka kidogo tu.

Kinu kilikuwa kikijikokota, na siku hiyo hakujali hata kidogo. Uzito ule wa kinu ulimpa faraja, kwa kuwa ulimwambia kwamba huko juu mjukuu wake anaota moto. Alimwaga bakuli la kwanza, akamwaga la pili. Ghafla kinu kikachangamka. Kikanguruma kwa nguvu, unga ukamwagika kama maji, na wanawake wakashangilia. Marcellin naye alitabasamu kwa mazoea, akasaga bakuli baada ya bakuli hadi jua likaanza kuinama.

Kisha tabasamu likamgandia usoni.

"Mungu wangu! Mutoto!"

Alitupa bakuli, mahindi yakatapakaa. Alipanda kilima mbio, anaanguka, anainuka, kiatu kimoja kimebaki matopeni. Alipofungua mlango alipokewa na baridi ile ile aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Hakulia wala hakutikisika. Marcellin alipiga yowe lililowarudisha mbio Kasoki na muuguzi, waliokuwa tayari njiani kurudi.

"Ondosha shati, Papa!" Mama Byukusenge aliamuru. "Ondosha shati, lala apa!"

Akamweka mtoto uchi juu ya kifua cha babu yake, akawafunika kwa mablanketi yote yaliyokuwamo. Mtoto alikuwa baridi kama kiazi kilichotoka udongoni. Marcellin alilia machozi waziwazi, akimwomba Bikira Maria amchukue yeye mzee badala ya yule asiyejua kitu. Kasoki alipiga magoti, Kétsia ameamka na kujishika kichwa, asiamini alichokiona. Walingoja. Kisha kifuani mwa Marcellin kitu kilijikunyata, kikakoroma, na kilio chembamba kama cha paka kikajaza chumba.

Walipokwisha kulia na kumshukuru Mungu, hasira ilimpanda Marcellin. Kwa kuwa hakuweza kuinuka, alimwomba Kasoki ampigie Guylain simu na kuweka sauti ya juu wote wasikie.

"Guylain! Kamashine kako nusura kauue mutoto wa dada yako! Jana nilipandisha joto mupaka mwisho, leo kameshusha kenyewe. Kameharibika!"

Guylain alishtuka, akauliza kama mtoto ni mzima. Alipoambiwa ni mzima, aliuliza tena.

"Kameshusha saa ngapi, Papa?"

"Kisha chakula ya midi, ya muchana."

"Basi hakajaharibika. Ule joto ulipandisha ni ya kitambo kidogo tu. Saa ya mazoea ikifika, kanarudilia mambo yenye kalifundishwa. Papa, kuko muntu alikuwa anashusha joto iyo saa, kila siku, siku mingi. Ni nani?"

Mama Byukusenge alitazama sakafu. Kétsia alimtazama baba yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Marcellin alitamani ardhi ipasuke, lakini mtoto alikuwa amelala kifuani pake, na hangeweza hata kugeuza uso.

"Kumbe," alisema Kasoki. Alijipapasa magoti polepole, akimwangalia mumewe. "Kumbe ni weye."

Marcellin alimvutia mtoto blanketi.

"Guylain," Kasoki akauliza, "inaweza kusahau?"

"Ndiyo, Mama. Bonyeza iyo kifungo ya chini mupaka taa ikufe. Itasahau yote, mutaanza upya."

Kasoki alisimama kwa shida, akaenda ukutani, akabonyeza kwa nguvu zake zote hadi taa ikazimika.

"Kuanzia leo," alisema, "mimi njo nitakafundisha."

Marcellin akafumba macho, mjukuu akimpumulia kifuani, akajua kwamba mashine haikumkosea kitu. Ilifanya kwa uaminifu kile alichoifunza kwa mkono wake, siku baada ya siku, kwa maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.