Kindi na Mashine Tatu za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na akili na nyie mkiwa bado hamjaja kunisumbua, Kindi alitaka kufungua kibanda cha gemu. Sogeeni. Wewe wa mbele, funga mdomo, nzi wataingia.

Mama Kindi alimpa gunia la karanga. La mwisho ndani.

"Mwanangu, ukikosea hapa, masika tunakula maganda."

Kindi akaliburuta hadi dukani kwa Kiboko. 

"Karibu, dogo!" Kiboko akanguruma. "Kuna mashine ya gemu mpya, hii ya kwenye boksi. Kuna ya mtumba, hii ya mezani. Gunia kwa moja. Chagua!"

"Mpya naomba niione, mzee wangu."

"Boksi halifunguliwi! Likifunguliwa si mpya tena."

"Na ya mtumba?"

Pi! Kiboko akaiwasha. Pi! Akaizima haraka. "Umeona? Leta karanga."

Kindi akapiga hesabu. Akiliwaza boksi, anamwona mama anaguguna maganda. Akiiwaza ya mtumba, anamwona mama yule yule, na maganda yale yale. Wewe ungefanyaje? Usinijibu, ungelia.

Sasa, nyuma ya duka Kiboko alikuwa na kibanda chake, wateja wamejaa wanachezea mashine yake, yeye ndiye bingwa. Na sheria ya vibandani inajulikana: mashine ikizima katikati ya mechi, mwenye mashine ndiye kafungwa. Hakuna kubisha.

Kindi akapaza sauti. "Mzee, eti wanasema wewe unajua gemu. Mimi nimekataa. Kwa vidole hivyo?"

"Uuuwi!" wateja wakatoka mbio kibandani, wakapiga kelele. "Bosi, umesikia?"

"Nifunge mechi moja," Kindi akasema, "gunia chukua bure."

"Kaa hapo!" Kiboko alishaanza kulamba midomo.

"Ila tuchezee hii ya mtumba."

Kiboko akajikuna shingo. "Aa... hiyo haifai kwa mechi. Inaweza ikazima."

"Basi chana boksi, tuchezee mpya."

"Boksi liache!" Jasho chururu. "Tuchezee yangu ya ndani. Ile ni chuma! Tangu masika ya mwaka juzi haijazima hata mara moja!"

Kindi akageuka. "Jamani, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Basi mechi sitaki. Nainunua hiyo ya ndani."

"Wee! Hiyo haiuzwi!"

"Haya. Ngedere, hebu lichane hilo boksi tuione hiyo mpya."

Ngedere, mteja mwenye kiherehere kuliko wote, alishachomeka kucha.

"Chukua!" Kiboko akalia. "Chukua yangu, uondoke!"

Kindi akachomoa nyaya, akaacha gunia, fyuu! Mashine kaikumbatia.

Kule nyuma akasikia chwaa! Ngedere kalichana boksi hata hivyo. Halafu puu! Tofali likachomoka humo ndani, likamwangukia bingwa kwenye kidole gumba, kile kile cha kuchezea.

Kwa hiyo, nyie wenye pupa: ukienda kununua kitu, kipya au kilichotumika, tazama kwanza muuzaji mwenyewe anatumia kipi.