Ndimu Kando ya Mswaki wa Bwana Harusi

Wapendwa, haya sikusimuliwa. Nilikuwepo tangu posa mpaka ndafu, na ukumbini nilikaa karibu na meza kuu kuliko hata baba wa bibi harusi. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kule chini ya Mlima Meru, ambako maji humtia mtu madoa ya kahawia kwenye meno tangu utotoni. Meno yenyewe mazima, ya kuvunjia mfupa. Lakini alikuwa anaoa binti wa Muheza, na wakwe wanakuja na kamera. Akawa haioni tena harusi, anauona mdomo wake tu. Rafiki akamnong'oneza: dawa ya meno ichanganye na ndimu, sugua asubuhi na jioni, utang'aa.

Mchumba wake, aliyekuwa akifanya kazi kliniki ya meno, akaikuta ndimu imekamuliwa kando ya mswaki.

"Hii ndimu ya supu?"

"Ya meno. Hebu ona, yameanza kutakata!"

"Mungu wangu! Wenzio wanaotengeneza dawa ya meno wametia humo vitu vya kupoza uchachu mdomoni, na madini ya kulikaza jino, maana uchachu ndio unaolitoboa. Wewe unaurudisha kwa mkono wako?"

"Picha zitakaa ukutani maisha yote, mpenzi."

"Kwani nilipokukubali sikuyaona hayo madoa?"

Kijana akaihamishia ndimu chini ya kitanda, akaendelea. Maji baridi yakaanza kumchoma, akasugua vivyo hivyo. Meno yakang'aa kweli. Nani angemwambia kwamba kilichokuwa kikitoka si uchafu, ni jino lenyewe?

Siku ikafika. Ndafu, yule mbuzi wa kuchoma wa harusi, akaletwa mzima mzima, jani mdomoni, amekenua kama anayemcheka mtu. Bibi harusi akamlisha mumewe kipande. Akauma. Ka! Jino la mbele likameguka. Machozi yakamtoka, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele, wakidhani ni furaha.

Mpiga picha akaita, "Bwana harusi, tabasamu!"

Akafumba mdomo. Picha zote za harusi ile, ndugu zangu, mdomo umefumbwa.

Sasa sisi. Una kinyongo na jirani yako, kinakutoboa ndani kwa ndani. Je, umekwenda kukipoza kwa kumwomba msamaha? Au umekuja hapa kuongeza sauti kwenye pambio, ili tukuone unang'aa? Tunasugua rangi, tunakula jino. Na nani alituambia kwamba Mungu anatafuta weupe? Alipotukubali, hakuyaona madoa yetu?

Na mimi niende nikapoze changu. Nawe nenda, leo, kabla hujala.

Ila nisishuke hapa na uongo mdomoni: yule mbuzi hakuwa amekenua. Hilo nimelitia mimi. Yule aliyekuwa akilia mezani, huyo sikumtia; mdomo wake ndio huu unaosema nanyi.