Tembo na Kibali cha Kugonga Ghubani

Wa kwanza kutusimulia hadithi hii ni bibi yetu mzaa baba, Mwanasiti binti Haji, mwaka ule nyumba ya Mtondooni ilipoezekwa upya. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, naye alikuwa akisuka ukili. Shangazi Bikombo hushikilia kwamba ilikuwa Alhamisi. Bibi mwenyewe alisema Ijumaa, nasi tunafuata neno la bibi. Alianza hivi.

Hapo zamani, zamani ya kale hasa, Pweza alipokuwa bado akiuza wino sokoni na kila mnyama ana nyumba yenye mlango, Nguva aliishi ghubani na binti yake mmoja, Mashavu. Nyumba yao ilikuwa katikati ya shamba la nyasi za bahari. Asubuhi walikula nyasi, mchana walikula nyasi, na kila baada ya muda mfupi walipanda juu kuvuta pumzi. Maana nguva si samaki, wajukuu wangu. Akikosa pumzi hufa maji kama mimi na nyinyi.

Mashavu alikuwa bado ananyonya. Akipotea kidogo tu kwenye nyasi, alimwita mama yake kwa sauti nyembamba: "Chii-rii! Chii-rii!"

Na mama humjibu: "Chii!"

Hawakuwa na njia nyingine ya kutafutana. Maji ya ghuba ile yalikuwa ya matope, macho hayakufaa kitu. Waliishi kwa masikio.

Siku moja maji yakatetemeka. Ndii! Ndii! Ndii!

"Mama, nini hiyo?"

"Sijui, mwanangu. Tulia. Usiniache ubavu."

Alikuwa Tembo. Tembo alitaka boma la magogo baharini, ili aoge bila kupigwa na mawimbi. Rafiki yake Kiboko alisimamisha gogo majini na kulishika. Tembo aliinua jiwe kwa mkonga, akalishindilia gogo mpaka likazama mchangani.

Lakini katika ghuba ile hakuna aliyeruhusiwa kugonga bila kibali. Korongo, karani wa Baraza la Ghuba, ndiye aliyempa Tembo kibali chake. Alimsomea chote, amesimama kwa mguu mmoja.

"Bwana Tembo, sikiliza. Utaweka mtazamaji juu ya mwamba. Kabla hujagonga, atazame maji mpaka kivuli cha mwamba kisogee hatua moja. Kisha utaanza taratibu, ko, ko, ko, ili aliye chini apate kuondoka. Nguva akionekana, simama mpaka apite. Na kila jioni utaniletea taarifa yenye muhuri wako: umewashtua nguva mara ngapi. Zikifika kumi, kibali kimekufa."

"Mara kumi tu?"

"Kumi. Lakini nikipokea taarifa saba za 'hakuna', nitajua ghuba haina nguva. Hapo utagonga upendavyo, bila mtazamaji, mpaka boma liishe."

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akakohoa.

Mtazamaji waliyemchagua alikuwa Kaa.

"Mbona huyu?" aliuliza Kiboko. "Mdogo kama kifungo!"

"Ndiyo maana," alisema Tembo. "Atapiga kelele gani?"

Walisahau jambo moja. Macho ya Kaa yamesimama juu ya vijiti. Huona mbele, huona nyuma, na hasahau alichokiona.

Siku ile ya kwanza Nguva na Mashavu walipanda kuvuta pumzi. Fyuu! Fyuu! Kaa akainua gando.

"Simama, bwana! Nguva wawili!"

"Unasemaje?"

"Nguva!"

"Sikusikii. Gogo linapiga kelele." Ndii!

Jioni Kaa akashika ubao wa taarifa. "Niandike mara ngapi, bwana?"

"Andika hakuna."

"Lakini, bwana, nimeona..."

Tembo akainua mguu wake, akauweka hewani juu ya Kaa, polepole, mpaka kivuli chake kikamfunika mzima. "Umeona nini?"

"Nimeona... nimeona jua linashuka, bwana."

"Basi andika."

Kaa akaandika. Tembo akachovya ncha ya mkonga kwenye wino wa Pweza, akapiga muhuri. Pachu!

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Nguva alikonda. Maziwa yalianza kupungua. Alijifunza kuhesabu nafasi kati ya kishindo na kishindo, akamfundisha na mwanawe.

"Nikikugusa, panda. Vuta moja, shuka. Usitazame chochote."

"Na usiponigusa, mama?"

Nguva akamvuta ubavuni. Swali hilo lilimkaa kifuani siku nzima.

Siku ya sita akaenda kwa Korongo.

"Hodi, Bwana Karani."

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Tembo anatumaliza. Haanzi taratibu, hasimami, hamsikilizi mtazamaji wake. Nikimwita mwanangu hanisikii. Akiniita simsikii."

Korongo akapekua mbao zake kwa mdomo. "Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna... Hii ya leo nayo imefika sasa hivi. Hakuna. Zote zina muhuri."

"Anadanganya!"

"Huenda."

"Huenda? Bwana Karani, mimi si nguva? Hunioni?"

"Nakuona, mama, na nakuamini. Lakini kibali kimeandikwa kwamba kitavunjwa kwa taarifa yenye muhuri wa mwenyewe. Nikianza kuvunja vibali kwa maneno ya mdomoni, kesho Tembo atakuja na maneno ya mdomoni, avunje chako cha kula nyasi."

"Na kesho ni ya ngapi?"

"Kesho," alisema Korongo, akitazama chini, "ni ya saba."

Nguva alitoka akiwa mzito kama jiwe. Kwenye mizizi ya mikoko akamkuta Kaa.

"Mama Mashavu, naomba radhi. Ninayeandika ni mimi."

Nguva alitaka kukasirika, akashindwa. "Kwa hiyo gando lako ndilo linaloandika hakuna?"

"Gando langu, mguu wake."

"Basi kesho andika kweli!"

"Nikiandika kweli atanikanyaga, na ubao utabaki bila muhuri. Hautafaa hata kuwashia moto. Muhuri lazima apige mwenyewe, kwa hiari yake."

"Tembo? Kwa hiari yake?"

"Mama, Tembo ana kitu kimoja kikubwa kuliko masikio yake."

"Kitu gani?"

"Majivuno. Kesho, lolote utakalonisikia nikisema, usinikatize."

Siku ya saba ikafika. Tembo hakuanza kwa ko, ko, ko. Alianza kwa ndii!

Mashavu alikuwa nusu ya njia kwenda juu. Akashtuka, akageuka, akachomoka. Nguva akageuka naye, akakuta matope matupu.

"Chii!"

Ndii!

"Chii! Chii!"

Ndii! Ndii!

Alizunguka shamba lote la nyasi. Alipapasa kwa pua, kwa pezi. Hakuna kitu. Mtoto ambaye hajanyonya tangu alfajiri ataogelea mbali kiasi gani? Na akitoka nje ya ghuba, kwenye mkondo? Nguva akaja juu kando ya mwamba, akajibanza kwenye kivuli chake. Huko akamsikia Kaa akicheka.

"Kwi, kwi, kwi!"

"Unacheka nini, wewe?" Tembo aliuliza huku akigonga.

"Si kitu, bwana."

"Sema!"

"Aa, ni maneno ya sokoni, bwana. Sipendi kuyaleta kazini."

"Yalete!"

"Jana nilipeleka ubao wa sita. Pweza akausoma, akaita watu. 'Jamani, njooni mwone! Tembo amegonga siku sita, na hajamshtua hata nguva mmoja! Nguva, ambaye hukimbia jani likianguka!'"

Kama kweli Pweza alisema hayo, bibi hakutuambia.

Jiwe likasimama hewani. "Wakasemaje?"

"Chewa akasema bila shaka unagonga kwa ubua wa mtama. Tena yule Pono..."

"Pono mwenye usingizi?"

"Huyo huyo. Akafumbua jicho moja akauliza, 'Kwani kuna mtu anagonga?'"

Masikio ya Tembo yakapiga, pwa, pwa! "Kiboko, umesikia?"

"Achana nao, ndugu yangu," alisema Kiboko. "Leo ya saba. Tuandike hakuna, tumalize."

Chini ya mwamba Nguva aliuma midomo. Jiwe lilikuwa limenyamaza kidogo, akaita kwa sauti ya chini: "Chii." Hakujibiwa. Mtoto aliyetishwa hujificha, na hatoi sauti mpaka kimya kiwe kirefu.

"Kiboko anasema kweli, bwana," alisema Kaa haraka. "Niandike hakuna. Nitapita njia ya nyuma, nisipite sokoni. Wakinikuta nitawaambia ukweli, kwamba kishindo cha Bwana Tembo hakimwamshi..."

"Koma!"

"Nimekoma, bwana."

"Andika! Siku ya kwanza niliwashtua mara tano!"

"Tatu, bwana. Niliona mwenyewe."

"Basi tatu! Ya pili?"

"Nne."

"Nne! Ya tatu?"

"Tano. Ya nne sita, ya tano sita, jana saba."

"Tembo!" alipiga kelele Kiboko. "Nyamaza! Kumi! Kumbuka kumi!"

"Na wewe unaona siwezi kufika kumi? Kumi niliipita siku ya tatu! Andika, Kaa! Na leo?"

"Leo moja. Mtoto." Sauti ya Kaa ikapungua kidogo. "Jumla thelathini na mbili. Ila, bwana, bila muhuri watasema nimeyatunga mimi."

Pachu! Tembo akautazama muhuri, akauona mdogo. Pachu! Akapiga wa pili.

Kaa hakungoja. Akaubeba ubao mgongoni, akaondoka ubavuubavu, tika-tika-tika-tika, na Kiboko nyuma yake akipiga maji bure.

Tembo akainua jiwe tena. Ndii! Nguva akafumba macho. Ndii! Alihesabu kila kishindo. Alipofika kumi na tisa, mabawa yakavuma, na Korongo akatua juu ya gogo la mwisho.

"Bwana Tembo, mihuri hii ni yako?"

"Yangu! Ukawasomee sokoni!"

"Mara thelathini na mbili. Kibali kilikuwa cha kumi." Korongo akakitoa kibali chini ya bawa, akakipasua kwa mdomo. Kraa! "Na hizi mbao sita za hakuna nazo zina muhuri wako. Zipi za kweli, hizi au huu?"

Tembo akafungua kinywa. Watu wa sokoni walikuwa wamefika, wamejaa ukingoni. Chewa alikuwepo. Pono naye alikuwepo, amefumbua jicho moja, anangoja kusikia.

"Huo," alisema Tembo kwa sauti ndogo.

"Basi weka jiwe chini. Polepole."

Tembo akaliweka chini.

"Nilikwambia," alisema Kiboko.

"Hukuniambia vizuri."

Kisha ghuba ikanyamaza. Nguva akashuka kwenye nyasi. "Chii," akaita. Kimya. Akapanda, akavuta pumzi, akashuka. "Chii." Kimya. Akapanda mara ya pili. Akapanda mara ya tatu. Juu ya mwamba Kaa alikuwa amerudi, macho yake yamesimama, hakuna aliyemwagiza kutazama.

"Kule, mama!" akainua gando. "Kwenye mkondo! Nimeona pua!"

Nguva akaogelea kama hajawahi kukonda. "Chii! Chii!"

Na kutoka kwenye matope, nyembamba, imechoka:

"Chii-rii."

Mwenye majivuno hahitaji shahidi wa kumshtaki.

Bibi alimaliza kwa kuwataja waliokufa na waliobaki, kama alivyofanya kwa kila hadithi. Tembo alihamia bara akafia huko. Habari za Kiboko hazijulikani, hivyo hatumweki kwa wafu wala kwa wazima. Korongo alikufa kwa uzee, na karani wa sasa ni mjukuu wake. Kaa alikufa, na mwamba ule haujakosa mtazamaji tangu siku hiyo. Pono yu hai, ingawa ni lazima umguse ndipo ujue. Nguva alikufa akiwa ameshiba. Mashavu yu hai, na ana mtoto anayemwita.