Pipa Nyuma ya Kituo

Wahenga walisema kwamba mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia. Kukamia jambo ni kulivamia kwa pupa na ghadhabu, mtu asione kingine chochote ila hicho akitakacho. Anayeyaendea maji hivyo aghalabu huyamwaga, na hata yakifika kinywani hushuka pasipo njia yake. Inspekta Simeon Makori aliifahamu methali hiyo tangu alipokuwa shuleni. Uzito wake aliujua baada ya Agosti ya mwaka 1998, alipokuwa mkuu wa kituo kidogo cha polisi wilayani Migori, karibu na mpaka wa Tanzania.

Makori hakuwa katili. Watu wa Muhuru Bay, kilipokuwa kituo hicho, walimsifu kwa kuwa hakula hongo, na mlevi aliyelala rumande kwake alipewa chai asubuhi kabla ya kufukuzwa aende kwake. Lakini bomu lilipolipuka Nairobi, dada yake mdogo, Pauline, alikuwa kazini katika jengo la jirani. Makori alikesha na jamaa wengine kando ya vifusi mpaka Pauline alipotolewa, akamtambua kwa viatu. Walimzika kwao Kisii. Kabla udongo wa kaburi haujashikana, alikuwa amerudi kazini, macho mekundu kama pilipili hoho, chakula hakipiti.

Wakubwa walikuwa wameagiza mpaka ulindwe, kwani kulikuwa na fununu za shambulio jingine. Haukupita muda mrefu, mchuuzi mmoja akamnong'oneza kwamba mashua ya Gisiri ilimvusha mgeni mwenye sanduku zito. Gisiri alikuwa Mkuria aliyenunua omena, dagaa wa ziwani, ng'ambo Tanzania na kuziuza upande huu. Mtu mcheshi, mdomo wake haukujua kupumzika. Askari walimkuta akigeuza omena juani, wakamtia pingu mbele ya wateja wake.

"Ulimbeba nani?" Makori alimuuliza.

"Nilimbeba mtu, mkubwa, sikatai," Gisiri alijibu. "Alisema yeye ni fundi wa kuchimba visima. Sanduku lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, nikamuuliza lina nini, akasema ni vyombo vya kazi. Sikio lake la kushoto limekatika ncha. Nilipomshusha aliuliza gari la kwenda Lambwe. Hayo tu ndiyo ninayoyajua."

Makori hakuridhika. Katika miaka yake yote ya upolisi hakuwahi kuona mtu mwenye siri kubwa akiitoa kwa swali moja. Alimwita pembeni Konstebo Joyline Nyarangi, aliyekuwa akiandika maelezo.

"Huyu amefundishwa la kusema," alisema.

"Huenda, afande. Lakini Lambwe si mbali. Twende tukaangalie kwanza."

"Unataka nimwamini?"

"Sitaki umwamini. Nataka tuhakikishe."

"Na tukipoteza siku nzima bondeni huko, halafu jengo jingine lianguke?" Makori aliuliza. "Wewe hukusimama pale, Joyline. Hukuwasikia watu wakigonga chini ya zege mpaka wakanyamaza. Maumivu ya mtu mmoja ni nini mbele ya watu mia?"

Swali lilikuwa zito, naye aliyeliuliza alikuwa na msiba. Joyline alisema tu, "Afande, huyu ameshajibu," kisha akaweka kalamu chini na kutoka nje.

Nyuma ya kituo palikuwa na pipa la kukingia maji ya mvua. Huko ndiko Gisiri alikopelekwa. Askari walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya katani, wakamtumbukiza kichwa majini, wakamtoa, wakamuuliza, wakamtumbukiza tena. Makori mwenyewe ndiye aliyeuliza. Mwanzoni Gisiri alirudia yale yale ya Lambwe. Alipoona Lambwe haimwokoi, akasema mgeni alirudi Tanzania. Hilo nalo halikumfaa, akasema alikwenda Kisumu.

"Si Awendo?" Makori alimuuliza, kwa kuwa alikuwa amesikia uvumi kwamba wageni wamepanga nyumba huko.

"Awendo!" Gisiri alidaka jina hilo kama mtu anayezama anavyodaka unyasi. "Ndiyo, Awendo, mkubwa!"

"Nyumba ya nani?"

Katika mji wote wa Awendo, Gisiri alimjua mtu mmoja tu: shemeji yake Elijah, dereva wa lori la miwa. Akamtaja.

Makori alihisi kifua kimemfunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikusanya kila gari na kila askari aliyeweza kupatikana, wakaizingira nyumba ya Elijah kulipopambazuka. Mlango ulipovunjwa, Elijah alidhani ni majambazi, akaruka dirishani. Risasi ilimpata nyongani. Ndani waliona mke aliyepiga mayowe, watoto waliojificha uvunguni, na sanduku la spana. Elijah hakufa, ila hakuendesha lori tena maishani mwake.

Jioni hiyo Joyline alikwenda Lambwe bila kuagizwa. Aliuliza kwa upole huku na huku, akaonyeshwa chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Mgeni alikuwa ameondoka asubuhi ile ile, wakati polisi wote walipokuwa Awendo. Sakafuni zilibaki nyaya, vipande vya mbao za sanduku, na vumbi la baruti.

Joyline alipomweleza, Makori alichukua ufunguo wa rumande. Kisha akaenda mwenyewe kumfungua Gisiri. Mkono wa kulia wa Gisiri ulikuwa umekufa ganzi kwa kamba, vidole havikunjiki.

"Nilikuambia yote, mkubwa," Gisiri alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayeshangaa.

Bahati ilimrudia Makori mara moja tu. Kabla mwaka haujaisha, mtu mwenye sikio lililokatika ncha alikamatwa mpakani akiwa na jina jingine, akapelekwa mahakamani Migori kwa shtaka la kuingiza nchini vifaa vya mabomu. Ushahidi wa chumba ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba huyu ndiye aliyekuja na sanduku. Mwenye kinu aliposikia yaliyompata Gisiri, alifunga kinu na kuhamia ng'ambo, asije akafanywa naye shahidi wa pipa. Wavuvi waliozoea kumpasha Makori habari sasa walipomwona walianza kukunja nyavu na kuondoka. Akabaki Gisiri peke yake.

Gisiri alisimama kizimbani akamnyoshea mgeni mkono wa kushoto. "Ni huyu."

Wakili wa mshtakiwa aliinuka taratibu. "Ulipohojiwa ulisema mtu huyo alikwenda Lambwe. Kisha ukasema Tanzania. Kisha Kisumu. Kisha Awendo, na mtu asiye na hatia akapigwa risasi. Mahakama ikuamini wakati gani?"

"Pale mwanzo," Gisiri alijibu. "Kabla ya pipa."

"Pipa gani?"

Gisiri alilieleza. Hakimu alimwita Makori kizimbani, naye akaapa. Kiongozi wa mashtaka alimkazia macho, na Makori alielewa: akikana, huenda upande wa mashtaka ukashinda, neno la ofisa dhidi ya neno la mchuuzi wa omena. Alimtazama mgeni, aliyekuwa ametulia kama maji ya mtungini. Kisha akautazama mkono wa Gisiri ukining'inia kama kitambaa kilicholowa.

"Inspekta," hakimu alisema, "shahidi huyu aliteswa?"

Makori alimgeukia hakimu.

"Aliteswa, mheshimiwa. Kwa amri yangu."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alisema shahidi aliyesemeshwa kwa maji hawezi kupimwa ukweli wake na uongo wake, na kwamba bila yeye hakuna kesi. Mshtakiwa akaachiliwa huru. Alipita karibu na Makori akienda mlangoni, karibu kiasi cha kuguswa, wala hapakuwa na wa kumzuia.

Makori alisimamishwa kazi siku hiyo. Hakurudi kituoni, alipanda gari la Kisii na kumkuta mama yake uani akichambua nafaka za wimbi. Bibi kizee alikuwa amesikia redioni kwamba kesi ya mtu wa mabomu ilikuwa siku hiyo.

"Yule mtu amefungwa?" alimuuliza, ungo ukiwa mapajani.

"Ameachiliwa, mama."

"Ameachiliwa! Na mwanangu Pauline alale vivi hivi? Nani amemwachilia?"

Makori alikaa chini kando yake.

"Mimi, mama."

Mkamia maji hayanywi, akiyanywa humpalia.